Hekalu la Maryport: uchambuzi wa kazi ya watu wa kujitolea katika eneo moja la Kirumi, 1870 hadi 2015

Katika pwani ya Cumbria, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, upo mji mdogo wa bandari uitwao Maryport, na juu ya mwinuko ulio kaskazini mwa mji huo Warumi walijenga ngome ambayo wataalamu wengi wanaitambua kwa jina la Alauna. Ngome hiyo haikuwa kwenye Ukuta wa Hadrian wenyewe, yaani ukuta wa mpaka ambao Kaizari Hadrian aliujenga kukatiza kaskazini mwa Uingereza, kwa kuwa ukuta uliishia Bowness, kando ya ghuba ya Solway. Ilikuwa katika mlolongo wa ngome na minara ulioendelea kuelekea kusini kwa kufuata pwani, ili adui asipate kuuzunguka ukuta kwa mashua. Ukuta ulitangazwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1987, na ngome ya Maryport imo katika eneo hilo. Nje kidogo ya ngome, mahali ambapo leo ni shamba, palikuwa na hekalu. Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha hekalu hilo, ambalo lilifukuliwa na mpenzi wa mambo ya kale katika karne ya 19, likafunikwa na udongo kwa zaidi ya miaka mia moja na thelathini, kisha likafukuliwa upya kuanzia mwaka 2013 na kikosi kilichojaa watu wa kujitolea.

Habari za watu wa kujitolea huandikwa mara nyingi kwa sifa tupu: walikuja, wakachimba, wakaokoa. Maryport inaturuhusu kuuliza zaidi ya hapo, kwa sababu makundi mawili ya watu wasiolipwa yalifanya kazi katika shamba lilelile, katika nyakati zilizoachana sana, na matokeo yao hayakufanana. Ari haikukosekana upande wowote. Hoja yangu ni kwamba kilichotofautisha makundi hayo ni namna kila moja lilivyoandika lilichokiona kabla ya kukiondoa mahali pake, na kwamba katika hilo ndimo hifadhi ya hekalu ilimopatikana au kupotea.

Ni lazima kuanza na familia moja. Tangu karne ya 16 ukoo wa Senhouse, waliokuwa wenye ardhi hiyo, ulikuwa ukikusanya mawe ya Kirumi yaliyokuwa yakiibuka mashambani mwao. Mwaka 1599 mwanahistoria William Camden, akifuatana na Robert Cotton, alimtembelea John Senhouse na kuyaona mawe hayo. Jambo hili si dogo. Mahali pengi kando ya Ukuta wa Hadrian wakulima na waashi waliyachukua mawe ya Warumi na kujengea mabanda, nyumba na hata makanisa, na hakuna aliyewalaumu, kwani jiwe lililochongwa vizuri ni mali. Familia ya Senhouse iliyatunza nyumbani kwao Netherhall, ikayarithisha kizazi baada ya kizazi, bila sheria yoyote kuwalazimisha.

Mengi ya mawe hayo yalikuwa madhabahu. Madhabahu ya kijeshi ya Kirumi ni nguzo ya jiwe la mchanga yenye pande nne, ambayo mara nyingi hufika kimo cha kiuno au kifua cha mtu mzima, ikiwa na kitako na kichwa vilivyochongwa, na juu yake kishimo kidogo cha kupokea sadaka. Upande wa mbele huwa na maandishi. Ya Maryport huanza mara kwa mara kwa herufi tatu, I O M, yaani kwa mungu Jupiter aliye Bora na Mkuu kupita wote, na aghalabu humalizika kwa V S L M, fomula ya Kilatini isemayo kwamba mtoaji ametimiza nadhiri yake kwa hiari na kwa haki. Katikati huwekwa jina la kikosi na la kamanda. Kwa hiyo mawe haya ni orodha ya maofisa. Marcus Maenius Agrippa, aliyeongoza Kikosi cha Kwanza cha Wahispania zama za Hadrian, ameacha madhabahu nne, na baada ya kikosi hicho twakutana na Wadalmatia, kisha Wabaetasi waliotoka kati ya mito ya Rhine na Meuse.

Miongoni mwa makamanda hao alikuwamo Mwafrika. Gaius Cornelius Peregrinus aliandika kwamba alitoka jimbo la Mauretania Caesariensis, na kwamba kwao ni Saldae, mji ambao leo unaitwa Béjaïa, nchini Aljeria, ambako alikuwa diwani. Madhabahu yake, iliyopo British Museum mjini London, inaomba kwa roho ya mahali hapo, kwa Roma ya Milele, kwa Majaliwa Mema, na kwa Bahati Irudishayo Nyumbani. Ukizingatia upepo wa Bahari ya Ireland, dua hiyo ya mwisho haihitaji ufafanuzi.

Mwaka 1870 plau iligonga jiwe kubwa katika shamba lililo karibu na ngome. Humphrey Pocklington Senhouse alifukua hapo, akakuta mashimo kadhaa, na ndani ya mashimo hayo madhabahu 17. Hadi leo ni miongoni mwa magunduzi makubwa ya aina yake nchini Uingereza. Mawe yalitolewa, yakasafishwa, maandishi yakasomwa na kuchapishwa, na madhabahu zikapelekwa kuungana na zile za zamani. Kwa mtu wa wakati ule kazi ilikuwa imekamilika, kwa sababu alichokuwa akikitafuta ni maandishi, na maandishi yalikwisha kupatikana. Kuhusu mashimo yenyewe, yaani umbo lake, kina chake, yalivyokatana, na mawe mengine yasiyo na maandishi yaliyokuwamo, ziliandikwa taarifa chache tu.

Pengo hilo la taarifa lilizaa nadharia. Mwanzoni mwa Januari kila mwaka jeshi la Kirumi lilikuwa likiweka nadhiri kwa ajili ya afya ya kaizari na usalama wa dola. Katika miaka ya 1930 mwanazuoni L. P. Wenham aliunganisha desturi hiyo na mashimo ya Maryport: kila mwaka madhabahu mpya ilisimamishwa kando ya uwanja wa gwaride, na ile ya mwaka uliopita ikazikwa kwa heshima. Ilikuwa fikra nzuri. Ilieleza kwa nini madhabahu ni nyingi, kwa nini nyingine zinaonekana kana kwamba zimetoka kwa fundi juzi, na kwa nini zilikutwa mashimoni. Iliingia katika vitabu na kufundishwa, na Maryport ikawa mfano unaotolewa kila dini ya jeshi la Kirumi inapozungumziwa. Hakuna aliyeweza kuithibitisha wala kuikanusha, kwa kuwa ushahidi wa kufanya hivyo ulikuwa umechimbwa pamoja na madhabahu.

Miaka kumi baada ya ugunduzi huo, yaani mwaka 1880, Joseph Robinson, meneja wa benki mjini humo, aliingia katika shamba hilo kwa mapenzi yake mwenyewe. Alifukua misingi ya jengo la mstatili ambalo aliona ni hekalu, na karibu yake jengo la duara. Ni haki kusema kwamba kwa vipimo vya wakati wake Robinson alifanya kazi ya kusifiwa: alichora ramani, akaandika taarifa, akaichapisha. Lakini wachimbaji wa zama zake walikuwa na mazoea ya kuufuata ukuta. Wakigusa msingi, huchimba mfereji pembeni mwake mpaka kona, kisha kona inayofuata, na kwa njia hiyo hukata ule uhusiano wa ukuta na matabaka ya udongo yanayougusa, uhusiano ambao ndio unaomwambia mtaalamu jengo lilijengwa lini, likakarabatiwa lini, na likaanguka lini. Mchoro ulibaki, tarehe ikapotea. Baada ya hapo udongo ulirudishwa na shamba likaendelea kuwa shamba.

Katika karne ya 20 mkusanyiko wa Senhouse ulihitaji makao mapya, na ukaundwa mfuko wa udhamini ambao mwaka 1990 ulifungua Makumbusho ya Kirumi ya Senhouse. Jengo lililochaguliwa lipo jirani kabisa na ngome, nalo lilijengwa katika miaka ya 1880 kwa mafunzo ya mizinga ya askari wa majini wa kujitolea, sadfa ambayo bila shaka wenyeji wameshaichoka kuisikia. Tangu mwanzo makumbusho hayo yameendeshwa na wafanyakazi wachache sana wa kulipwa, na watu wa kujitolea ndio wanaopokea wageni, kuongoza watoto wa shule na kutunza kumbukumbu. Nalitaja hili mapema kwa sababu uchimbaji uliofuata haukuanguka kutoka mbinguni. Ulikuta kundi la watu lililokwisha kuzoea kufanya kazi pamoja kwa ratiba, na lililokuwa likiyajua maandishi ya madhabahu karibu kwa moyo.

Uchimbaji mpya ulianza mwaka 2011. Mfuko wa udhamini wa makumbusho ndio ulioagiza kazi, Chuo Kikuu cha Newcastle kikaitekeleza chini ya Profesa Ian Haynes, na uwanjani msimamizi akawa Tony Wilmott, mwakiolojia mwenye uzoefu mrefu wa ngome za Ukuta wa Hadrian. Waliochimba walikuwa wanafunzi wa chuo hicho pamoja na watu wa kujitolea, wengi wao wenyeji wa eneo hilo. Kwa kuwa mahali hapo palikuwa chini ya ulinzi wa sheria ya mwaka 1979 ya majengo ya kale na maeneo ya akiolojia, hakuna koleo ambalo lingeruhusiwa kugusa udongo bila kibali cha serikali, na kibali cha namna hiyo hakitolewi kwa udadisi peke yake. Ni lazima pawe na swali linaloeleweka na mpango wa kulijibu. Swali la kwanza lilikuwa la moja kwa moja: yale mashimo ya mwaka 1870 yalikuwa ya nini?

Kazi yenyewe inafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa hapa ndipo kundi la pili linapoachana na la kwanza. Mtu wa kujitolea hupewa mwiko, brashi, ndoo na eneo dogo la kupiga magoti. Hukwangua udongo kidogo kidogo, akiuvuta kuelekea kwake, na macho yake huwa kwenye rangi: mahali ambapo udongo wa kahawia unageuka kuwa mweusi zaidi, au unapolainika ghafla, panaweza kuwa ukingo wa shimo lililofukiwa. Akifika hapo hapaswi kuendelea. Humwita msimamizi, tabaka hupewa namba, hupigwa picha, huchorwa kwa kipimo, na fomu hujazwa kueleza liko juu ya tabaka gani na chini ya lipi. Ndipo linapoondolewa. Ni kazi ya kuchosha ambayo siku nyingi haina la kusimulia nyumbani jioni, na kwa maoni yangu uwezo wa kuvumilia siku za namna hiyo ndio sifa kuu ya mtu wa kujitolea katika akiolojia, kuliko nguvu za mikono.

Matokeo yalikuja upesi. Ilionekana kwamba mashimo hayakuwa makaburi ya madhabahu. Yalikuwa mashimo ya kusimamishia nguzo nene za mbao, na ndani yake mawe makubwa yalishindiliwa kuzunguka kila nguzo ili isiyumbe. Madhabahu zilikuwa sehemu ya mawe hayo ya kushindilia. Kwa maneno mengine, baada ya madhabahu kuacha kutumika, mwishoni mwa zama za Kirumi au baadaye kidogo, watu waliotaka kujenga jengo kubwa la mbao juu ya mwinuko huo walichukua mawe yaliyokuwa karibu, wakayatumbukiza mashimoni kama kifusi. Baadhi ya mashimo yalikatana, dalili kwamba ujenzi haukufanyika mara moja. Karibu na hapo yalipatikana pia makaburi ambayo wachimbaji waliyaona kuwa huenda ni ya Wakristo wa mwanzo. Ile picha ya jeshi lililopangwa mistari likizika madhabahu kwa heshima kila Januari, iliyodumu kwa miaka zaidi ya sabini, iliondoka.

Katika msimu wa 2012 madhabahu nyingine iliibuka ndani ya mojawapo ya mashimo, ya kwanza kuonekana mahali pake tangu mwaka 1870. Imetajwa humo Titus Attius Tutor, kamanda wa Kikosi cha Kwanza cha Wabaetasi. Aliyeifichua alikuwa mtu wa kujitolea. Vyombo vya habari vilivutiwa na bahati yake, na ni haki yao, lakini katika uchambuzi bahati si neno la kutosha. Kama jiwe lile lingefikiwa mwaka 1870 lingetolewa siku hiyohiyo, na leo lingekuwa la kumi na nane katika safu, zuri na lisilosema zaidi ya maandishi yake. Safari hii aliyelifikia alisimama, shimo likachorwa likiwa na jiwe ndani yake, na uhusiano wa madhabahu na mawe mengine ya kushindilia ukaandikwa kabla ya jiwe kuinuliwa. Hii moja ikawa ushahidi wa jinsi zile 17 zilivyofika mashimoni.

Kuanzia mwaka 2013 kikosi kilihamia kwenye jengo la Robinson. Ilithibitika kwamba lilikuwa hekalu la mtindo wa kikale wa Kirumi, la mstatili, na si lile la mraba lenye ushoroba pande zote ambalo lilikuwa la kawaida katika majimbo ya kaskazini. Kwa kadiri ya yaliyogunduliwa hadi wakati huo, halikujulikana hekalu jingine la mtindo huo lililokuwa mbali zaidi kuelekea kaskazini-magharibi katika dola nzima. Kwangu mimi maana yake inazidi hiyo rekodi ya kijiografia. Jengo kama hilo, katika ncha ya dola, linaonyesha kwamba makamanda hawakuridhika na kusimamisha mawe shambani. Walitaka mahali pa ibada panapofanana na pa kwao, na madhabahu zilizokusanywa na familia ya Senhouse tangu zama za Camden zinapaswa sasa kufikiriwa zikiwa zimesimama katika eneo takatifu lililokuwa na mahekalu, badala ya kandokando ya uwanja wa gwaride peke yake.

Kazi ilihitaji kutenganisha mitaro ya 1880 na udongo ambao haukuguswa, sentimita kwa sentimita, na pale ambapo Robinson hakufika ndipo majibu yalipokuwa. Kutokana na mchoro wake watafiti walijua pa kuanzia. Kutokana na mitaro yake walipoteza baadhi ya walichokuwa wakikitafuta. Siwezi kuona kwamba alifaa kulaumiwa. Hata hivyo yeyote anayepanga leo kuwaita vijana wa mtaa wake wakasafishe magofu siku ya Jumamosi angefaidika kwa kumsoma Robinson kwanza, kwa kuwa alikuwa na nia njema yote inayohitajika.

Katikati ya mradi, mwaka 2014, taasisi iliyokuwa imekabidhiwa kuratibu utunzaji wa Ukuta wa Hadrian mzima ilifungwa baada ya fedha za umma kupunguzwa. Ilikuwa na matumaini makubwa kuhusu Maryport, pamoja na mpango wa kituo cha wageni katika shamba lenyewe. Mpango huo ulikwama. Uchimbaji haukukwama, uliendelea msimu huo na wa 2015, kwa kuwa uliagizwa na mfuko mdogo wa makumbusho. Hapa pana somo la kiutawala ambalo watetezi wa miradi mikubwa hawalipendi. Chombo chenye ofisi, mishahara na mikakati kilitegemea chanzo kimoja cha fedha, na chanzo kilipokauka kikaondoka na ahadi zake. Mfuko wa makumbusho ulikuwa na majukumu machache na matumizi madogo, na watu wake hawakuwa na ajira ya kupoteza.

Lakini nisingependa hilo ligeuzwe kuwa hoja ya kuiachia serikali ijitoe. Bila kibali cha serikali na masharti yake, Maryport ingeweza kuwa 1880 kwa mara ya pili. Bila chuo kikuu, mashimo yasingesomeka. Mtu wa kujitolea si wa bure: anahitaji msimamizi mmoja kwa kila watu wachache, mafunzo, bima, vifaa, na kibanda cha kujikinga mvua inaponyesha, na Cumbria mvua hainyeshi kwa kubahatisha. Pia kuna upungufu ambao miradi ya namna hii huurudia kila mahali. Wengi hupenda kuchimba, na msimu wa kuchimba ni wa wiki chache. Wanaotaka kuosha vigae vya vyungu, kuviandika namba kwa kalamu ya wino na kuviingiza katika daftari wakati wa baridi ni wachache, ingawa kazi hiyo ndiyo inayochukua miaka na ndiyo inayozaa taarifa ya mwisho. Makumbusho ya Senhouse yalikuwa na faida hapo, kwani watu wake walishazoea kazi za ndani tangu 1990. Mradi unaokusanya watu kwa tangazo la msimu mmoja hauna hazina hiyo, na ni afadhali ujue mapema.

Linabaki suala la misingi yenyewe. Uchimbaji ulipokwisha mitaro ilifukiwa, na mgeni anayekwenda Maryport haoni hekalu. Anaona madhabahu ndani ya makumbusho na shamba nje. Wapo wanaosikitika, na mtu aliyesafiri mbali ana haki ya kusikitika. Naona uamuzi ulikuwa sahihi. Jiwe la mchanga likiachwa wazi katika pwani ile hunyonya maji, huganda usiku wa baridi, na humeguka tabaka kwa tabaka, na kulikinga kungetaka paa na mlinzi wa kudumu, vitu ambavyo mfuko mdogo hauwezi kuvigharimia kila mwaka. Chini ya udongo misingi hiyo imekaa tangu Warumi walipoondoka, isipokuwa pale ilipoguswa mwaka 1880 na tena kuanzia 2013, na safari hii ya pili kila kilichoondolewa kina namba, mchoro na mahali pake katika kumbukumbu.